Kilimani Taizé na swali la Mswidi

Teksi ya kutoka stesheni ya Mâcon-Loché, Ufaransa, hadi Taizé, kijiji chenye jumuiya ya watawa inayopokea vijana wa kusali, ilikula hela ambayo kwetu Machame ingenunua mbuzi na chenji ikabaki. Basi lilikuwa limeshaondoka, na dereva alijua sina ujanja.

Mapokezi wakaniuliza natoka nchi gani. Mchango wa kukaa pale hupangwa kwa kuangalia nchi ya mgeni, hivyo Mtanzania analipa kidogo kuliko Mjerumani. Nilishukuru, na papo hapo nikaumia kidogo. Chakula nacho, tusisemezane! Asubuhi mkate, siagi, kijiti cha chokoleti na chai ndani ya bakuli lisilo na mkono. Milo yote unashika kijiko tu. Mtori niliuota.

Jumuiya hii aliianzisha Bruda Roger, mtoto wa mchungaji wa Uswisi, aliyefika kijijini hapo mwaka 1940 akawaficha wakimbizi wa vita, Wayahudi wakiwamo. Mwaka 2005 aliuawa akiwa kwenye sala ya jioni, mbele ya umati. Mabruda wake ni Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Anayewaongoza sasa, Bruda Matthew, ni Mwanglikana wa Uingereza. Hawapokei zawadi wala urithi kwa ajili yao wenyewe. Wanafinyanga vyombo, wanauza, wanakula jasho lao. Mimi ni katibu wa usharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, mtu wa bahasha za ahadi na mnada wa jogoo na mikungu ya ndizi baada ya ibada. Habari hiyo ilinikosesha usingizi kuliko kitanda chao cha ghorofa.

Katika sala ya kwanza, nyimbo zilikoma ghafla. Nikajua spika zimekufa, nikageuka kumtafuta fundi mitambo. Kumbe ndiyo ibada yenyewe: vijana kwa mamia wamekaa sakafuni, kimya, karibu dakika kumi. Kwetu mtu akinyamaza kidogo tu, mpiga kinanda anajazia.

Lakini kilichonipata hasa kilitokea kwenye kikundi cha Biblia. Kijana wa Uswidi, hata ndevu hazijakolea, aliniuliza: “Uliamua lini kuwa Mkristo?”

Nikacheka. Nikamweleza nilibatizwa mchanga, nikapata kipaimara, na babu yangu alikuwa mwinjilisti.

“Hao ni watu wa kwenu,” akasema. “Wewe je?”

Hakuwa na kejeli. Darasani kwake, alisema, ni yeye peke yake anayekwenda kanisani, na wenzake wanamwona kituko. Kwake swali hilo ni la kila siku. Mimi, umri huu, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mchana tukapangwa pamoja kuosha vyombo. Mabakuli hayaishi, povu hadi viwikoni, na mimi nina deni la jibu. Kwa Kiingereza changu cha kuungaunga nikamsimulia siku mchungaji alipokwama safarini, nikatumwa kumzika bibi mmoja mgombani, bila kipaza sauti, bila kwaya. Wale wafiwa walinishika mikono wakakataa kuiachia. Siku ile niliamini, nikamwambia, tena nilitaka kazi hiyo maisha yangu yote.

“Sasa mbona uko ofisini?”

“Mshahara.”

“Aha,” akasema, akaendelea kusugua.

Ingekuwa heri angenihubiria. Ile “aha” nilitembea nayo wiki nzima. Ijumaa usiku msalaba hulazwa chini, watu wakaujongelea kwa magoti na kuweka paji la uso juu ya mbao. Zamu yangu ilipofika niliomba Kimachame, lugha ambayo sijaombea tangu bibi yangu afariki. Niliyoyasema ni yangu.

Nyumbani niliandika barua ya kuomba kwenda kusoma theolojia Makumira, nikampelekea mchungaji. Akaisoma taratibu, akavua miwani, akaniuliza nani sasa atasimamia harambee ya paa mwezi wa nane.