Nilivyojifunza kupima hisa za umeme na miundombinu kabla ya kuzitegemea uzeeni

Miezi 14 kabla sijastaafu nilinunua hisa za kampuni moja ya kusambaza umeme na gesi kwa sababu moja tu: gawio lake la mwaka, yaani hela ambayo kampuni huwalipa wenye hisa, ukiligawa kwa bei ya hisa, lilifika asilimia 11. Kampuni nyingine za aina hiyo zilikuwa kwenye 4 au 5. Nilijiambia kwamba kila mtu anawasha taa na kila mtu anapika, sasa kampuni kama hii itaachaje kulipa? Magawio mawili ya kwanza yaliingia vizuri. La tatu lilikuja nusu, na bei ya hisa ilikuwa imeshaporomoka kabla tangazo halijatoka.

Mke wangu aliuliza swali moja tu. "Baba watoto, hizo si ndizo hela ulizosema zitalipa bima ya matibabu?" Sikuwa na jibu. Usiku ule niliitoa taarifa ya mwaka ya kampuni, kurasa zaidi ya 200, ambayo nilikuwa nayo tangu siku ya kununua na sikuwahi kuifungua.

Nimefanya kazi ya stoo miaka 31. Leja inaweza kusema kuna katoni 40 na rafu ikawa na 28. Ukishaliona hilo mara kadhaa unaacha kubishana na leja, unakwenda kuhesabu rafuni. Kwenye hisa nilikuwa nimesoma leja peke yake. Ikabidi nijue rafu iko wapi.

Nilianza na ile 11 yenyewe. Hesabu yake ni kugawanya, na chini ya mstari kuna bei. Hisa ya 100 inayotoa gawio la 5 inakupa asilimia 5. Bei ikishuka hadi 45, gawio lilelile linasomeka asilimia 11, na hakuna aliyeongeza hata senti. Nilitafuta bei za miaka miwili ya nyuma nikakuta ndivyo ilivyokuwa: hisa ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya thamani. Waliouza kabla yangu walikuwa wameona jambo, mimi nikaliona punguzo.

Haikuwa bahati mbaya yangu peke yangu. Kinder Morgan, kampuni kubwa ya mabomba ya gesi ya Marekani, ilishusha gawio la robo mwaka kutoka senti 51 hadi 12.5 mwezi Desemba 2015, baada ya bei ya hisa zake kuanguka vibaya. Algonquin, kampuni ya umeme, gesi na maji ya Kanada, ilikata gawio kwa asilimia 40 Januari 2023, ikakata tena Agosti 2024. Katika kisa cha Algonquin, sehemu ya deni ilikuwa ya riba inayopanda na kushuka na soko, na riba zilipopanda hesabu zikavurugika. Bei ilianguka miezi miwili kabla gawio halijakatwa. Tangu hapo nikiona kampuni inatoa gawio kubwa kuliko wenzake kwa mara moja na nusu au zaidi, siifuti kwenye orodha, ila naichukulia kama mtu aliyekuja kukopa akiwa na haraka.

Rafu niliipata kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Faida inaweza kupambwa na makadirio mengi, lakini ukurasa huu unaonyesha hela zilizoingia na zilizotoka. Nilichukua penseli na kikokotoo. Mstari wa fedha kutokana na shughuli za kawaida ulikuwa mzuri, magawio hayakufika hata nusu yake. Nikashangaa: kama hela zipo, mbona wamekata? Nikaendelea kushuka hadi sehemu ya ufadhili, yaani hela za mikopo na za wenye hisa, karibu na mwisho wa ukurasa, nikaikuta riba iliyolipwa imekaa huko. Kanuni za kimataifa za uhasibu zimekuwa zikiruhusu kampuni kuchagua iiweke riba juu kwenye shughuli au chini kwenye ufadhili. Hii iliiweka chini, na mimi nilikuwa nahesabu kama vile deni halina gharama.

Nikarudia hesabu, nikizipunguza tarakimu zote ziwe kwa kipimo cha mia. Shughuli zilileta 100. Riba ilichukua 30. Kukarabati nguzo, transfoma na mabomba ya zamani, ile kazi ambayo usipoifanya huduma inakufa, ilichukua kama 40. Kampuni nyingi hazitaji kiasi hicho peke yake, kwa hiyo mimi hutumia uchakavu wa mwaka, yaani thamani ambayo mali inapoteza kwa kuzeeka, kama makadirio. Si kipimo kamili lakini kinatosha kukuonya. Ikabaki 30. Magawio yalikuwa 48. Pengo la 18 lilizibwa kwa mikopo mipya na hisa mpya. Kwa lugha ya stoo, tulikuwa tunagawiwa bidhaa zilizokopwa kwa jirani.

Hapa niseme kosa la pili, kwa sababu lilinipotezea wiki kadhaa. Niliitumia hesabu hiyo kwa ukali, nikitoa matumizi yote ya ujenzi badala ya ukarabati peke yake. Karibu kila kampuni ya umeme ikafeli, hata zile zilizoongeza gawio kila mwaka kwa miongo. Sababu ni jinsi biashara yenyewe ilivyo. Kampuni inayodhibitiwa hujenga njia mpya ya umeme, mdhibiti, yaani chombo cha serikali kinachoidhinisha bei, anaikubali iingie kwenye thamani ya mali, kisha anairuhusu irudishe mtaji na faida fulani kupitia bei anayolipa mteja. Ndiyo maana inakopa na kujenga kila mwaka, na kukopa kwa namna hiyo si ugonjwa. Ninachouliza sasa ni kama kilichojengwa kinaingia kwenye bei ya umeme, na baada ya muda gani. Vilevile naangalia idadi ya hisa. Ikipanda kila mwaka huku faida kwa kila hisa imesimama, najua mimi mwenye hisa ndiye ninayelipia ujenzi.

Kwa hiyo mdhibiti nikaanza kumsoma kama ninavyoisoma kampuni. Je, anaruhusu gharama za mafuta zipite moja kwa moja kwa mteja? Bei hupitiwa kila baada ya miaka mingapi? Uchaguzi ukikaribia, maombi ya kupandisha bei hukaliwa? Majibu mengi yamo katika maamuzi ya udhibiti yanayotangazwa hadharani, na lugha yake ni nyepesi kuliko nilivyoogopa.

Kuhusu usalama wa kampuni zisizo na mshindani, PG&E, kampuni ya umeme na gesi ya jimbo la California, Marekani, ilinifungua macho. Ilisitisha gawio lote Desemba 2017 kwa sababu ya madai ya moto wa misituni, na Januari 2019 ikaomba kinga ya ufilisi, yaani mahakama iizuie isidaiwe wakati inapanga upya madeni. Sheria ya jimbo lile inaweza kuibebesha kampuni ya umeme fidia ya moto ulioanzia kwenye nyaya zake hata kama haikuthibitika kuwa na uzembe. Hawaiian Electric, kampuni ya umeme ya Hawaii, nayo ilisitisha gawio Agosti 2023 baada ya moto wa kisiwa cha Maui. Wateja walikuwepo, bili zililipwa, mwanahisa akabaki mikono mitupu. Mstaafu aliyeweka kila kitu kwenye kampuni moja ya umeme angefanya nini mwaka ule?

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote sasa ni maelezo ya madeni na tarehe za kuiva, yaani siku ambayo deni lazima lilipwe lote. Riba ya dhamana za serikali ya Marekani za miaka 10, yaani mikopo ya serikali ambayo riba za kampuni huifuata, ilikuwa chini ya asilimia 1 kwa sehemu kubwa ya mwaka 2020, na Oktoba 2023 iligusa 5. Kampuni iliyokopa wakati wa urahisi hailii siku riba zinapopanda, inalia deni linapoiva. Turudi kwenye mfano wangu. Deni la 100 la riba ya asilimia 3 likiiva na kukopwa upya kwa 6.5, ile 30 iliyobaki inakuwa 26 na nusu. Madeni matatu ya namna hiyo yakiiva ndani ya miaka miwili, gawio litatoka wapi? Huwa nachora jedwali la miaka mitano mbele, kila mwaka na kiasi kinachoiva. Ni mistari michache tu, na mara nyingi inanipa jibu kabla sijafika popote.

Barabara za kulipia na bandari zina jambo lake: mkataba una mwisho. Ukilipa 100, ukapokea 9 kila mwaka kwa miaka 12 iliyobaki, umepata 108, halafu barabara inarudi serikalini. Ile 9 sehemu kubwa ilikuwa hela yako mwenyewe ikirudishwa. Wala mkataba mrefu si kinga. Barabara ya kulipia ya jimbo la Indiana ilikodishwa mwaka 2006 kwa miaka 75, na mwaka 2014 waendeshaji wakaomba kinga ya ufilisi. Magari yalikuwa machache kuliko makadirio na deni lilikuwa kubwa mno.

Ile hisa yangu niliiuza kwa hasara, baada ya kupoteza miezi minne nikisubiri bei irudi. Leo nina kampuni saba: tatu za umeme, moja ya maji, moja ya mabomba, moja ya minara ya simu, moja ya barabara. Hakuna inayozidi sehemu moja ya tano ya gawio lote la mwaka. Kwa wastani napata chini kidogo ya asilimia 5. Matumizi ya miaka miwili yako kwenye dhamana za serikali za muda mfupi, ili gawio likikatwa nisilazimike kuuza siku hiyohiyo. Kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye gawio kabla halijanifikia, naitoa kabla sijaandika tarakimu yoyote kwenye bajeti ya nyumbani.

Kuna hesabu moja ambayo siwezi kumfanyia mtu mwingine. Gawio la asilimia 4.5 linalokua asilimia 5 kila mwaka linahitaji kama miaka 15 kulifikia gawio la asilimia 9 lisilokua. Kwa mtu wa miaka 58 kama nilivyokuwa, mfumuko wa bei ni adui wa kweli na nilichagua linalokua. Mzee wa miaka 78 mwenye afya dhaifu anaweza kuchagua kinyume akawa sahihi, mradi hilo la 9 liwe linalipwa kwa hela iliyopo.

Mwezi uliopita mwenzangu wa zamani kazini alikuja na jina la kampuni. "Kaka, hii inatoa asilimia 10, na ni ya maji." Tukafungua taarifa yake mezani, nikamwachia penseli yeye. Alipofika kwenye fedha za shughuli akatabasamu. Nikamwambia ashuke hadi chini ya ukurasa aitafute riba. Aliitafuta, akaipata, akaiandika pembeni, akatoa. Kisha akauliza ukurasa wa madeni yanayoiva uko wapi. Tulikaa hapo hadi jioni, naye akaondoka na jedwali lake la miaka mitano, akisema atarudi Jumamosi na taarifa za miaka mitatu ya nyuma.