Matone ya kila jioni

Presha ya macho ina ujanja wake. Haiumi, na dawa yake nayo haikupi nafuu unayoweza kuihisi. Malaria ukiitibu, baada ya siku chache homa imeshuka, unamshukuru Mungu na munganga. Mimi natia matone jioni, naamka na macho yale yale. Neva ya jicho, ambayo presha hiyo huiua polepole, ikishakufa hairudi. Ninacholipia kila mwezi ni kwamba kesho nisione vibaya kuliko leo.

Shangazi alipokuja kutusalimia kutoka Likasi, alinitazama nikiegemeza kichwa kwenye kiti, nikivuta kope la chini kwa kidole, nikingoja tone livimbe kwenye ncha ya chupa hadi lianguke lenyewe. Kisha nafumba jicho na kubonyeza pembe ya karibu na pua, dawa isishukie kooni.

“Mwanangu, hayo maji unayatia tangu lini? Na miwani bado unavaa?”

“Shangazi, hayafungui macho. Yanazuia tu yasizidi kuharibika.”

“Nani amekuhakikishia kwamba yanazuia?”

Nilicheka, lakini swali lilinikaa. Mtu mmoja hawezi kulijibu kwa macho yake mwenyewe, kwa sababu sina pacha asiyetumia dawa nijilinganishe naye. Waingereza walifanya ulinganisho huo kwa watu 516, nusu wakipewa dawa iitwayo latanoprosti, nusu matone matupu yasiyo na dawa, wala hawakujua nani kapewa nini. Matokeo yalitoka mwaka 2015: ndani ya miaka 2, karibu 26 kati ya kila 100 wa matone matupu walikuwa wamepoteza sehemu nyingine ya uoni, wa dawa walikuwa 15. Kwa hiyo yanazuia, Shangazi. Ila hao 15 nao walikuwa wanatia dawa. Tone linapunguza mwendo wa ugonjwa, mlango haliufungi.

Na miaka ikienda, mambo yanabadilika. Nilianzia timololi, inayopunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho. Ni dawa ya zamani, Marekani iliikubali mwaka 1978, na mwenye pumu haruhusiwi kuigusa. Kwa baadhi ya watu nguvu yake hufifia polepole, na mimi ni mmoja wao. Ndipo nikahamishiwa latanoprosti, inayorahisisha maji hayo kutoka. Tone moja jioni, basi. Imenirefusha kope mpaka wanafunzi wangu wa kike wananiuliza napaka nini!

Shida yangu na latanoprosti ni chupa yenyewe. Ikiwa haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye friji, na ikishafunguliwa isizidi digrii 25. Hapa Lubumbashi, Oktoba, kabla mvua hazijashika, joto linapita 30, na umeme ukikatika friji inabaki kabati tu. Nikienda farmasi siku hizi nauliza kwanza chupa ilikuwa wapi, halafu ndiyo bei. Muuzaji mmoja wa kule Katuba alinitolea yake kwenye rafu iliyopigwa na jua, nikamrudishia. Alinuna.

Kwa hiyo nimeanza kufikiria laza, yaani miale ya mwanga inayopigwa ndani ya jicho ili maji yatoke vizuri. Huko Moshi, Tanzania, waliilinganisha na timololi, matokeo yakatolewa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja, macho 61 kati ya kila 100 yaliyopigwa laza yalikuwa yamefikia lengo la presha, na ya timololi 31 tu. Si tiba ya milele, nguvu yake nayo huisha. Lakini laza haisahauliki mezani kama chupa, wala haingoji mshahara utoke. Kwa nchi zetu naona ingefaa ianze yenyewe, matone yafuate palipobaki pengo.

Miadi yangu ni mwezi ujao. Nitaomba nipimwe tena upana wa kuona, siyo presha peke yake, maana presha inaweza kuwa nzuri siku hiyo huku neva inaendelea kuliwa. Halafu nitauliza kuhusu laza: inapatikana wapi, na ni dola ngapi kwa jicho moja.