Siku moja maishani mwangu: bamvua, magunia na pakiti za mabuyu

Watu wananiuliza sana kazi yangu ni gani hasa, manake wakiniona asubuhi na magunia begani wanadhani nauza makaa, kumbe naokota plastiki ufuoni, nachambua, nauza. Basi naandika siku nzima, Jumamosi iliyopita, kusi ndio inaisha isha, mkimaliza kusoma mtaniambia wenyewe kama hii ni kazi ya mtu mwenye akili zake.

Saa 11 alfajiri

Adhana imenikuta nishaamka. Sio uchamungu jamani, ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwetu Lamu maji ya bamvua yanajaa kama saa kumi alfajiri, yakianza kutoka yanatoka moja kwa moja mpaka saa nne asubuhi ndio yamekupwa kabisa, kwa hivyo ukitaka kuokota uchafu uliotemwa na bahari usiku inabidi uyafuate maji nyuma nyuma yakirudi, ukichelewa upepo ushafukia nusu mchangani.

Mama naye yuko jikoni kitambo, anapika shira ya mabuyu. Nyumba nzima inanukia iliki, sufuria inachemka nyekundu kama damu na yeye vidole vyekundu mpaka kwenye kucha, hiyo rangi haitoki hata kwa ndimu. Ana oda ya pakiti mia na ishirini, duka moja la Langoni wanakuja kuchukua Jumapili asubuhi. Ananiambia usiku usiende popote utanisaidia kufunga. Nikasema inshallah, nikanywa chai na mahamri mawili, nikatoka.

Saa 12 na nusu

Boti ya mjomba. Huyu ni mjomba kweli, ndugu yake mama, sio mjomba wa heshima tu. Kila siku ananitania, “Yeo waenda kuvua nini tena?” Namwambia, “Chupa, mjomba.” Anacheka, anasema chupa siku hizi ni nyingi kuliko samaki changu, na wallahi sijui kama ni utani.

Pesa hachukui kwenda. Kurudi ndio anachukua, na kwa magunia anahesabu moja moja hana undugu.

Saa 1 mpaka saa 4

Shela. Tuko wanawake wanne na kijana wa punda na punda wake watatu. Ufuo wa Shela ni kama kilomita 12 lakini huku mbele kwenye mahoteli hatuna kazi, kila asubuhi wafanyakazi washafagia, mchanga unang'aa kama wa kwenye kalenda. Sisi tunapita hapo, tunapita mpaka majumba yanaisha, unabaki mchanga na vilima na upepo tu, huko ndio kuna ukweli. Mgeni hafiki, kwa hivyo hakuna anayefagia.

Bamvua inaacha mstari. Unauona kwa mbali, mwani mweusi umepigwa kama mtu kachora na kijiti, na ndani ya mwani ndio kila kitu: ndara, tena mguu mmoja mmoja, sijawahi kuokota jozi tangu nianze kazi hii, vibiriti vya gesi, miswaki, vipande vya kamba na nyavu, na vifuniko. Vifuniko bwana! Ukisimama mahali pamoja unaweza kujaza kopo la Kimbo bila kuinua mguu. Zamani nilikuwa najiuliza mbona vifuniko ni vingi hivi na chupa zake ziko wapi. Jibu nililipata kwa beseni la maji. Ile plastiki ya chupa ya maji, namba 1 (namba iliyopigwa kwenye chupa ndio inataja aina ya plastiki), ni nzito kuliko maji, katakata kipande utie ndani kinazama. Kifuniko chake ni plastiki nyingine kabisa, hiyo inaelea. Sasa chupa ikitupwa imefungwa itaelea kwa sababu ya hewa, lakini ikitupwa wazi inajaa maji inashuka chini, kifuniko kinabaki juu kinasafiri peke yake. Kwa hivyo hizo chupa tunazookota ni zile zilizobahatika kufungwa, hizo nyingine ziko chini huko na kamba na pweza, na hilo silipendi kulifikiria sana nikiwa nakula.

Hiyo Jumamosi niliokota chupa moja ya manjano, imejaa vidudu vyenye magamba vimejishika shingoni, hivyo vinaota kwenye kitu kilichokaa baharini siku nyingi. Nikaikwangua nikasoma, imeandikwa “sabun cuci piring”. Sabun! Nikamwita shangazi (sio shangazi yangu wa damu, ni mkubwa wetu wa kazi, sote twamwita hivyo), nikamwambia njoo uone chupa inaongea Kiswahili. Ni ya Indonesia, sabuni ya kuoshea vyombo, na hilo neno wao na sisi tumelitoa kwa Mwarabu huyo huyo. Kuna mkondo unakata Bahari ya Hindi kutoka mashariki kuja huku, unabeba vitu mpaka vinatua kwetu. Shangazi akaigeuza geuza akasema, “Yaani mtu kaosha sahani zake huko, mimi ndio nainamia chupa yake.” Akaitia guniani. Nzito, namba 2, ina bei.

Na hapo ndio nilipotaka kufika. Ina bei. Pembeni ya hiyo chupa kulikuwa na vipakiti, vile vya sabuni ya unga ya shilingi kumi, vya shampuu, vya viungo vya pilau, vimekwama kwenye mwani kama majani. Mwenzetu mmoja ni mgeni kazini, akainama kuviokota, shangazi akamwambia “Hivyo wacha mwanangu, havina bei.” Akaviacha. Nami nikaviacha, siwadanganyi. Kile kipakiti ukikichana unaona ndani kinametameta, ni tabaka juu ya tabaka, plastiki, karatasi ya alumini, plastiki tena, zimegandishwa hakuna wa kuzitenganisha, hakiyeyushwi na chengine na hakuna mnunuzi Mombasa atakayekitaka hata umpe bure. Gunia lina nafasi yake, punda ana mgongo mmoja. Sasa nani kaamua kile kipakiti kibaki ufuoni, ni mimi? Mimi nimekuja mwisho kabisa. Alieamua ni yule aliyekaa ofisini siku ile akachagua kitu hiki kifungwe na nini, kabla hata hakijapanda lori.

Na siwezi kumlaumu anaenunua kadogo. Mtu ana shilingi kumi anafua nguo za leo, mtu asimwambie anunue ndoo ya kilo tano ati kwa ajili ya kasa.

Saa 5

Magunia kumi na moja. Tulichelewa manake punda mmoja aligoma, alikaa tu, kijana akamwimbia akambembeleza, wapi. Huyo punda nilimsamehe. Mwaka jana jirani yetu alifiwa na punda wake, tumbo lilivimba siku mbili hali hanywi, na walipompasua wakakuta bonge la mifuko limejikunja kama mpira. Mji wetu ni njia nyembamba, punda ndio lori letu, na punda analala nje anakula anachokikuta.

Mifuko yenyewe imepungua, hilo lazima niseme. Ile marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017 watu walicheka, faini kuanzia milioni mbili mpaka nne au jela, nani Lamu ana milioni mbili? Lakini ilishika. Zamani mikoko ya huku ilikuwa imening'inia mifuko ya rangi zote kama kuna arusi. Siku hizi unaona kikapu kimerudi, ukienda soko la samaki kuna mzee bado anatunga tasi kwa ukindu anakupa mtungo wako unaondoka nao mkononi kama zama za nyanya. Mwaka 2020 tena tarehe 5 Juni zikapigwa marufuku plastiki za kutumia mara moja kwenye fukwe na mbuga. Hiyo sasa karatasi ni nzuri, ila bahari haijui kusoma.

Tukafika mjini maji yamekupwa mpaka ukuta uko uchi, boti haiwezi kusogea. Tukashuka kwenye tope, gunia kichwani, buibui nimelipiga fundo kiunoni, vijana wamekaa ukutani wanatutazama kama sinema. Hakuna hata mmoja alienyanyuka. Nawajua majina yote.

Saa 7

Swala, wali na samaki wa jana, mizani.

Watu wa mji nao wanatuletea chupa, kilo ya chupa za maji nyeupe tunanunua shilingi 15. Inaonekana nyingi mpaka ukumbuke chupa ya nusu lita yenyewe ina kama gramu 15, kwa hivyo ni chupa sitini na kitu ndio upate hiyo 15. Mama mmoja wa Wiyoni alileta gunia mbili zimejaa, katembea nazo, mizani ikasoma kilo tisa, akaniangalia kama nimemwibia. Nikampa na maji ya kunywa nikaona aibu manake maji yenyewe yako kwenye chupa.

Saa 8 mpaka saa 11

Kuchambua. Hii ndio kazi yenyewe, kuokota ni matembezi. Nyeupe huku, kijani na bluu kule, bei yake iko chini manake ukiyeyusha rangi haitoki, haiwezi kurudi kuwa nyeupe tena. Namba 2 na vifuniko peke yake, hizo zinasagwa vipande vidogo kama mchele halafu zinayeyushwa kutoa mbao. Hapa Lamu hizo mbao si hadithi, lile dau la Flipflopi lilijengwa hapa hapa na fundi Ali Skanda na wenzake, likashushwa majini 2018, plastiki tani kama kumi na ndara elfu thelathini, mwaka uliofuata likaenda mpaka Unguja, karibu kilomita 500. Mjomba alikuwa anasema litazama. Sasa anasema alijua tangu mwanzo.

Nisichokipenda ni vibandiko. Kuna chupa za juisi zimevalishwa kibandiko mwili mzima, kimebana kama soksi, rangi nzuri, picha ya maembe. Chupa ndani ni nyeupe safi kabisa lakini hiyo soksi mara nyingine ni plastiki nyingine kabisa, ile wanaita PVC, na ikiingia kidogo tu kwenye mtambo inaunguza mzigo wote unageuka rangi ya chai. Mwezi wa sita tulipeleka mzigo Mombasa, lori kutoka Mokowe tumelipia sisi, mnunuzi akafungua marobota mawili akakuta soksi, akakataa yote. Nani aliyechambua marobota hayo? Mimi. Nilikuwa na homa siku ile lakini ni mimi. Tangu siku hiyo nachana soksi kwa wembe moja moja, nina alama kwenye kidole gumba, na kila nikichana nafikiria kuna mtu alilipwa mshahara kuchora hayo maembe na angeweka kikaratasi kidogo tu kiunoni mwa chupa nisingekuwa na kazi hii. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inasema mwenye kutengeneza ana jukumu la bidhaa yake na kifungashio chake mpaka ikiwa taka. Namsubiri. Akija nina wembe wa pili.

Saa 12 na nusu jioni

Nyumbani. Kuoga mara mbili, harufu ya chupa za maziwa haiishi kwa mara moja.

Saa 2 usiku

Sasa hapa ndio nataka mnicheke vizuri.

Mabuyu yamekauka kwenye sinia, mekundu, yamejitenga moja moja. Mama katandika mkeka, mshumaa umewaka, kipande cha msumeno wa chuma, na bunda la vijaluba vya nailoni nyembamba, vile virefu kama kidole. Unatia mabuyu sita, unakunja mdomo juu ya msumeno, unapitisha kwenye moto haraka, chaa, imeshika. Ukichelewa inatoboka. Mama hatazami hata mkono.

Na mimi ndio nimetoka kuwaambia watu havina bei! Hivyo vijaluba navijua navikuta kila siku kwenye mitaro ya Langoni vina wekundu ndani, naviacha, na siwezi kusema si vya kwetu.

Tulijaribu lakini. Mwezi uliopita nilinunua karatasi ya kaki nikakata nikagandisha bahasha nzuri kabisa, tukatia mabuyu usiku, asubuhi karatasi imelowa nyekundu na mabuyu yamegandana bonge moja. Sukari inavuta unyevu, na hewa ya hapa kwetu hata chumvi inalia kwenye kopo. Mama hakusema kitu, alichukua bahasha moja akainusa akacheka peke yake. Ile nailoni inafanya kazi yake, ndio taabu. Nikamwambia basi tuuze kwa mtungi dukani watoto wachotewe mkononi, mwenye duka akakataa, anasema watoto watatia vidole na yeye hana muda wa kuhesabu mabuyu sita sita.

“Na wewe shule yenu ya taka haijakufundisha kitu kingine?” Mama akaniuliza, msumeno mkononi.

“Bado, mama.”

“Basi shika mshumaa, upepo unauzima.”

Nikashika. Tulimaliza saa tano kasoro, pakiti mia na ishirini na moja, ile moja ya ziada ilitoboka kwa sababu yangu. Nikala mabuyu yake pale pale, kijaluba nikakitia mfukoni, na asubuhi nilipotaka kufua ndio nikakikuta bado kimo.