Kuchora Kivuli cha Luanda Magere

Katika hekaya ya Waluo, mwili wa shujaa wa vita Luanda Magere ulikuwa jiwe na uhai wake ulikaa kivulini. Anayemchora, basi, anachora kivuli kwanza, mtu baadaye. Tatizo ni jua letu. Nairobi iko kama nyuzi 1.3 tu kusini mwa ikweta. Machi na Septemba, saa sita na nusu mchana, jua liko karibu utosini na kivuli kimejificha chini ya nyayo. Ukitaka kivuli kilingane na kimo cha mtu, chora jua la saa tatu u nusu asubuhi, likiwa kwenye nyuzi 45.

Ila tukio la vitani, kivuli chake kikichomwa mkuki, limechoka. Chukua usiku ule Magere anaumwa, wembe umegoma kupenya ngozi, na mke wake Mnandi ameambiwa achanje kivuli. Moto uko sakafuni, kwa hiyo kivuli kinapanda ukutani. Magere akiwa mita 1 kutoka motoni na ukuta mita 2, kivuli kinamzidi mara mbili. Jaribu kwa mshumaa na chupa (umeme ukipotea ndiyo nafasi yenyewe). Tazama na kingo: karibu na kitu ni kali, mbali zinafifia. Kingo kali kotekote hukifanya kivuli kionekane kama karatasi iliyobandikwa.

Chungu, kigoda, mkuki: vivuli vyote vikimbie moto uleule. Kanuni ivunjwe mahali pamoja tu, kwenye damu inayotoka kivulini. Kivuli cha chungu kikielekea kwingine, mtazamaji ataona umekosea, na damu nayo ataihesabu kosa la pili.

Kitambaa cha marekani kinatosha: kiwambe, paka jeso (rangi nyeupe ya msingi) mara tatu, piga msasa laini kila tabaka likikauka. Usitumie nyeusi ya kopo, inaziba ukuta. Changanya buluu ya altramarini na kahawia iliyokolea, kijiko 1 cha rangi kwa 8 vya midiamu ya akriliki (gundi angavu ya kuzimulia rangi), upake tabaka nyembamba nne au tano. Wanaobana matumizi huweka maji badala ya midiamu. Gundi ya rangi hupungua nguvu na burashi inayofuata huinyanyua.

Nyekundu juu ya kivuli hufa, inageuka kahawia. Tia kwanza mstari mwembamba wa nyeupe pale wembe ulipopita, uache ukauke kabisa, kisha pitisha nyekundu nyepesi juu yake.