Tulikosea magereza mawili kabla ya kufika Leavenworth

Dola 70 za gari, kwenda tu. Basi la kunifikisha sikulipata, kwa hiyo nikazitoa huku roho ikiniuma. Kwa pesa za kwetu hizo zinapita laki moja na nusu: Dar hadi Arusha, kurudi, na supu ya njiani juu yake. Hapa zinanunua kama kilomita 50 kutoka Kansas City, kwenye kiti cha nyuma kilichokwisha sponji.

Dereva alikuwa Mkongo wa Bukavu. Nilipomwambia nataka kuliona kwa nje gereza la Leavenworth, lile la shirikisho, yaani la serikali kuu ya Marekani, alicheka. "Minalijua, yaya. Minakufikisha mupaka ku mulango."

Akanifikisha kwenye mlango ambao siwo. Barabara ya K-7 ikielekea kaskazini hupita kwanza Lansing, na Lansing kuna gereza la jimbo la Kansas. Akapaki. Nikasoma kibao, nikamwambia twende mbele. Mara ya pili akanipeleka kwenye geti la jeshi, Fort Leavenworth. Huko ndani kuna gereza pia, la wanajeshi waliohukumiwa na mahakama za kijeshi, na bila kibali mgeni hapiti. Tukageuza. Anayekwenda huko ashike hili: neno gereza peke yake katika wilaya ile halimfikishi mtu popote. Sema la jimbo, la jeshi au la shirikisho, kisha taja Metropolitan Avenue. La shirikisho liko kwenye barabara hiyohiyo ya geti la jeshi, mitaa michache tu kuelekea magharibi.

Tulipokuwa tunageuza gari ndipo nilipoacha kununa, kwa sababu historia ya gereza nililolifuata inaanzia upande wa pili wa geti lile. Mpaka mwishoni mwa karne ya 19, Marekani haikuwa na magereza ya shirikisho ya kutosha. Aliyevunja sheria za serikali kuu alipangishwa kwenye magereza ya majimbo, na majimbo yalimtumikisha kwa faida yao. Mwaka 1891 Bunge likapitisha sheria ya magereza matatu, ambayo yakaja kuwa Leavenworth, Atlanta na McNeil Island. Mwaka 1895 Wizara ya Vita ikaikabidhi Wizara ya Sheria gereza lake la kijeshi lililokuwa ndani ya ngome. Gereza hilo halikutosha, likaamuliwa kujengwa jipya la watu 1,200, na mafundi wakawa wafungwa wenyewe.

Kuanzia mwaka 1897 walitoka ngomeni kila asubuhi kwa miguu, kama kilomita 4, wakapiga kazi, wakarudi jioni kilomita zilezile. Tofali walifyatua wao, mawe walichonga wao. Mwezi Februari 1903 wafungwa zaidi ya 400 wakahamia kwenye jengo ambalo bado halijaisha, wakaendelea kulijenga wakiwa ndani. Wa mwisho walihama mwaka 1906, jeshi likarudishiwa gereza lake. Kuba la mbele lilisubiri hadi miaka ya 1920.

Na kuba hilo ndilo linalomshtua mtu. Ukitazama kutoka barabarani, ng'ambo ya majani yaliyofyekwa vizuri, utadhani ni Bunge la Marekani limeshushwa Kansas: kuba kubwa la rangi ya fedha katikati, mabawa mawili marefu ya mawe kulia na kushoto. Wasanifu wake, kampuni ya Eames & Young ya St. Louis, walikusudia hivyohivyo, lionekane kama serikali yenyewe. Wafungwa wakalifananisha na hema la sarakasi.

Neno letu "gereza", wanaisimu wengi wanalitoa kwa Wareno: igreja, yaani kanisa. Na Fort Jesus ya Mombasa ilifanywa gereza mwaka 1895, mwaka uleule wa makabidhiano ya Leavenworth, ikabaki gereza hadi 1958. Kisiwa cha Changuu pale Unguja nacho kilijengewa gereza miaka hiyohiyo ya 1890, lakini hakikupata mfungwa, kikawa karantini, na leo watalii wanakwenda kulisha kobe. Mombasa wafungwa walitiwa kwenye ngome ya watu wengine. Wamarekani walijenga kitu kipya kabisa, na bado wakakivika sura ya Bunge.

Ukuta una urefu wa karibu mita 12 kwenda juu, na unazunguka eneo la ekari karibu 23. Seli za mabawa ya mbele hazigusi ukuta wa nje. Zimepangwa katikati ya jengo, mgongo kwa mgongo, ghorofa juu ya ghorofa, kama kabati lililowekwa ndani ya ghala. Aliyefanikiwa kutoboa seli yake bado yuko ndani ya jengo, na akitoka jengoni bado ana ukuta. Ni mtindo wa gereza la Auburn, New York. Ubaya wake ni kwamba dirisha liko mbali na kitanda: mwanga haba, na majira ya joto hewa hukwama kwenye ghorofa za juu.

Mwanya haukuwa kwenye ukuta. Ulikuwa kwenye geti la reli. Gereza linalojengwa linahitaji mizigo, na mizigo iliingia kwa treni hadi ndani. Tarehe 21 Aprili 1910 wafungwa sita, wakiwa na bastola za kuchonga kwa mti, waliteka kichwa cha treni wakapita nacho getini. Watano walikamatwa. Wa sita, Frank Grigware, alifika Kanada, akabadili jina, akaoa, akawa meya wa mji mdogo wa Spirit River, Alberta. Alinaswa mwaka 1934 kwa alama za vidole, baada ya kukamatwa kwa uwindaji haramu. Marekani mwishowe iliacha kumdai.

Alama hizo za vidole nazo zina historia yao Leavenworth. Zamani mfungwa mpya alipimwa kwa mbinu ya Mfaransa Bertillon: vipimo 11 vya mwili, urefu wa kichwa, kidole cha kati, mguu na kadhalika. Tatizo liko kwenye mkono wa mpimaji: karani huyu anabana koleo, yule analegeza, na mtu mmoja anatokea na kadi mbili zisizolingana. Mwaka 1903 akaja Will West, vipimo vyake vikakaribiana sana na vya William West aliyekuwa tayari ndani. Kinachosimuliwa, kwamba alama za vidole ziliwatofautisha palepale, kimetiwa chumvi, maana alama za vidole zilianza kuchukuliwa hapo mwaka 1904. Lakini wote wawili walikuwepo kweli. Kufikia mwaka 1924 kadi za vidole za Leavenworth ziliunganishwa na za wakuu wa polisi, jumla zaidi ya 800,000, zikawa msingi wa hifadhi ya FBI.

Waliopita humo ni wengi. Bondia Jack Johnson alitumikia karibu mwaka mmoja, 1920 hadi 1921, na mwaka 1922 akapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya spana. Ricardo Flores Magón, mwanamapinduzi wa Meksiko, alifia humo mwaka 1922.

Mwaka 2005 gereza likashushwa kutoka ulinzi wa juu hadi wa kati. Madaraja haya hupangwa kwa pointi: kosa, historia ya vurugu, umri. Kifungo kilichobaki nacho kina uzito wake. Mwanamume anayebakiza zaidi ya miaka 20 kwa kawaida hashuki chini ya daraja la kati, na akizidi 30 hupelekwa la juu. Gereza la kati la kawaida halina ukuta, lina uzio maradufu wenye vitambuzi vya umeme. Leavenworth wamebaki na ukuta wa zamani, kwa hiyo mfungwa wa kati analala nyuma ya ukuta uliokusudiwa wakali.

Upepo ulinifukuza baada ya dakika 40. Dereva akadai dola 20 za kungoja. Nikamwambia anipunguzie, amenizungusha magereza mawili nisiyoyataka.

"Ile mbili ya kwanza, yaya," akasema akiwasha gari, "nilikuonesha bure."