Nikipata nafasi nitakuita

Neno: Matendo ya Mitume 24:22–27

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Liwali Feliki hakumhukumu Paulo, wala hakumwachilia. Tayari alikuwa na barua ya jemadari Lisia iliyosema wazi (23:29) kwamba mfungwa huyu hana kosa la kustahili kuuawa wala kufungwa. Bado akaahirisha shauri, eti mpaka Lisia ashuke Kaisaria. Kama alishuka au la, Luka hatuambii. Baadaye Feliki akaja na mkewe Drusila kumsikiliza Paulo. Habari za haki, kiasi na hukumu ijayo zilipomchoma, akaingiwa na hofu: "Sasa enenda zako, nami nikipata nafasi nitakuita."

Na alimwita, tena mara nyingi! Nafasi alikuwa nayo. Alichokuwa akingoja ni fedha, na hakutaka kukosana na wakuu waliomshitaki Paulo. Akaliweka jambo kiporo miaka miwili, hadi Porkio Festo alipokuja kushika nafasi yake, naye akaondoka akimwacha Paulo katika minyororo. Gharama aliyoikwepa liwali ilimwangukia mfungwa.

Sisi tunaoambiwa kila siku kwamba "mchakato unaendelea" tunawajua akina Feliki. Lakini mfano unaoniuma kuliko yote ni wa majirani zetu wa Rwanda. Aprili 21, 1994, wauaji wakiwa kazini kwa wiki mbili, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipunguza walinda amani hadi 270. Maofisa wa Marekani walikwepa kwa wiki kadhaa kuyaita mauaji yale ya kimbari, maana kuyaita hivyo kungewakumbusha wajibu wa Mkataba wa 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari. Mei 17 likapitishwa azimio la kupeleka askari 5,500. Kisha yakaanza mabishano: nani atoe askari, nani alipie magari ya deraya. Mauaji yalipokoma Julai, wengi wa askari hao walikuwa bado hawajafika.

Wala msiniambie haikuwezekana. Mei ile ile, kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi asiye na silaha, alikuwa akipakia watu wachache wachache kwenye gari lake na kuwavusha vizuizi vya Kigali. Aliuawa Mei 31.

Na Bisesero, huko magharibi mwa Rwanda. Juu ya vilima vile Watutsi walikuwa wamejitetea kwa mawe na mikuki tangu Aprili. Juni 27 askari wa Ufaransa wakawafikia. Watu wakatoka mafichoni, wakawaonyesha majeraha yao. Wakaambiwa wajifiche tena, askari watarudi baada ya siku tatu. Walirudi kweli, Juni 30. Katika siku hizo tatu mamia walikuwa wameshauawa.

Hatuna majeshi, lakini tuna kundi la WhatsApp la ukoo. Mama anatakiwa kusafishwa damu kila wiki. Mtu anauliza: tunachangaje? Majibu yanamiminika, "pole mama", "Mungu ni mwema", "tukutane mwisho wa mwezi tulijadili". Kiasi hakitajwi na mtu yeyote. Huko nyumbani binti wa mwisho, anayelala chini karibu na kitanda cha mama, ameshauza cherehani yake, na kwenye kundi hajaandika neno. Sisi tunaamini jambo limesubiri. Halikusubiri hata siku moja, analibeba yeye. Na tunaomba kwa bidii kweli, ndiyo maana naliogopa sana jambo hili: hata Feliki alipenda kusikia mahubiri, na hofu ya Mungu ilimpata, na Paulo hakufunguliwa.

Jumatano kwenye ibada ya nyumbani naomba tusianze na maombi ya jumla. Kila mmoja aje na jambo moja aliloliahirisha, na jina la mtu anayeumia kwa sababu hiyo. Tutaomba, na kabla hatujaagana tutataja kiasi na siku.