Bega Likilia kwa Niaba ya Bandama

Bwana asifiwe wapendwa, mko salama? Neno letu la hii wiki liko 1 Wakorintho 12, mstari wa 12 hadi 27, na najua mtu akiona tu hiyo sura anasema aah hii tunaijua, mwili mmoja viungo vingi, twende mbele. Ngojeni kidogo. Shida yangu na vile tunaihubiri ni kwamba tunabaki tu na vile viungo Paulo ametaja, mguu, mkono, sikio, jicho, kichwa, halafu tunagawana, wanaopanga viti ni mikono, mwinjilisti ni miguu, pasta ni kichwa (hapo pia tungeongea, kichwa si ni Kristo, lakini wacha niache), na imeisha. Vile vya ndani hakuna mtu anavigusa. Na mstari wa 22 uko wazi kabisa: "Bali zaidi sana vile viungo vya mwili vidhaniwavyo kuwa vinyonge zaidi vyahitajiwa zaidi."

Kwa hivyo leo tuangalie bandama, wengine mnaiita wengu. Kama umewahi kuchinja mbuzi umeiona. Kwa binadamu iko upande wa kushoto, nyuma ya tumbo la chakula, imejificha chini ya mbavu ya 9 hadi ya 11, gramu 150 hivi kwa mtu mzima, robo kilo haifiki. Hakuna mtu amewahi kusimama kutoa ushuhuda akasema namshukuru Mungu kwa bandama. Moyo ndio, macho ndio, figo siku hizi juu ya dialisisi watu wanazikumbuka. Bandama, hapana.

Na kazi iko. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, zikizeeka zinakuwa ngumu, hazikunjiki vizuri. Sasa ndani ya bandama kuna vipenyo vyembamba kuliko hiyo chembe yenyewe, na chembe lazima ijikunje ndio ipite. Ile changa inateleza inapita, ile imechoka inakwama, inakamatwa na kuvunjwa. Na haitupwi ovyo, chuma iliyokuwa ndani yake inatolewa inarudishwa kwa uboho wa mifupa kutengeneza damu mpya. Kazi hiyo inasaidiana na ini, na kwa siku mwili unarudisha chuma ya miligramu 20 hadi 25 kwa njia hiyo, lakini kwa chakula, na hapo uhesabu omena yako na sukuma yote, mwili unachukua kama miligramu moja au mbili tu. Mimi hiyo ilinishtua, yaani damu niliyo nayo leo nyingi imejengwa na chuma ya damu yangu ya zamani, na sikujua kuna mahali hiyo hesabu inafanywa usiku na mchana.

Halafu sisi watu wa huku Kisumu, Ahero, Siaya, Busia, tuna deni kubwa kwake kwa sababu ya malaria. Kile kijidudu kikitoka kwa mbu kinaenda ini kwanza, kikitoka hapo kinaingia kwa chembe nyekundu, na bandama ndiyo inakutana nacho hapo. Kuna kitu inafanya ambayo naona ni ya ajabu, inaweza kukitoa kile kijidudu ndani ya chembe na kuiacha chembe irudi kwa damu iendelee na kazi, kama vile mama wa soko la Kibuye anatoa jiwe kwa maharagwe bila kumwaga maharagwe. Malaria ikirudi rudi bandama inafura mpaka unaipapasa chini ya mbavu. Zamani hata wataalamu wakitaka kujua malaria ni kali aje mahali walikuwa wanapapasa bandama za watoto wa hicho kijiji wanahesabu ngapi zimefura. Kiungo hakisemi neno, na kinabeba shida ya kijiji kizima.

Sasa nije kwa ile kitu ilinifanya nichague hili somo. Kijana mmoja wa boda wa fellowship yetu aligongwa karibu na Kondele, akaanguka na ubavu wa kushoto, akaamka akajipanguza akasema niko sawa, hata pikipiki akaisukuma mwenyewe. Jioni anasema bega la kushoto linamuuma, akilala chali linazidi. Watu wakaleta dawa ya kuchua, wakachua. Dada yetu mmoja ambaye ni nesi akauliza swali moja tu, bega uliliangukia? Akasema hapana. Kwa nini linauma na halikuguswa? Akabonyeza tumbo kidogo, kijana akaruka, na hapo hapo wakaita gari. Skani ilionyesha damu imejaa tumboni, bandama ilikuwa imepasuka.

Maelezo ya daktari ni hivi. Damu ikivuja huko inagusa kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo. Neva ya huo msuli inatokea shingoni, na hapo hapo shingoni ndipo neva za juu ya bega zinaingilia, kwa hivyo ubongo ukipokea hiyo habari unaisoma ni bega. Bandama imepasuka na bega ndio linalia. Mstari wa 26 nilikuwa naushika kama maneno mazuri tu ya kufariji watu matanga, "kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia nacho", kumbe hata kwa nyama na damu iko hivyo.

Sasa angalia kanisani. Ule mama anaosha sufuria baada ya kila mkutano hatawahi kukuambia nyumbani kumeharibika. Utaona kijana wake ameanza ukorofi kwa sande skul, na sisi tunachua bega, tunamkemea mtoto, tunamwombea roho ya ukaidi imtoke. Hakuna ameuliza lile swali la nesi.

Mtu atasema, lakini si yule kijana walimtoa bandama na anaishi? Ndio, anaishi, namshukuru Mungu, ini limechukua sehemu ya kazi. Lakini mwambie daktari homa imemshika huyo kijana uone vile anakimbia, juu mtu bila bandama bakteria za nimonia zinaweza kummaliza haraka sana, ndio maana amedungwa chanjo za ziada na ameambiwa homa si ya kulala nayo. Sisi pia mtu akiondoka ibada inaendelea Jumapili, kwaya inaimba, sadaka inahesabiwa, tunasema hakuna pengo.

Maombi ya hii wiki. Tumkumbuke huyo kijana, na bibi yake. Tuwakumbuke wamama wa watoto wa selimundu (sickle cell, ule ugonjwa wa damu wa kurithi), mko wengi hapa kwetu na wengine hamjasema. Huo ugonjwa unaharibu bandama ya mtoto mapema, ndio maana wanapewa penisilini kila siku, na kliniki inamfunza mama kumlaza mtoto na kupapasa chini ya mbavu za kushoto ajue kama bandama imeongezeka ghafla. Ukimwona mmoja amebaki nyuma na mtoto baada ya ibada usimpite na "Mungu atatenda" halafu ukimbilie matatu. Kaa naye.

Na kwa wale mlisema mtatoa damu, huyo kijana aliwekewa damu ya watu hajui majina yao. Jumamosi saa tatu asubuhi tunatoka pamoja kanisani, uwe na kilo 50 kwenda juu, na tafadhali mle kitu kabla ya kuja, hiyo siku si ya kufunga.